Blanketi la Pili

Nyanda za juu za Mbulu zina baridi ambayo mgeni wa pwani haisahau, na wazee wetu waliihofu homa ya bondeni kuliko walivyomhofu chui. Hawakukosea. Huko juu mbu ni wachache, na mtu asiyezoea kuumwa na mbu hana kinga. Akishuka katika Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Manyara, aghalabu hurudi na ugonjwa ambao mwenyeji wa chini pengine angeustahimili.

Mwaka 1990 mdogo wangu, mtoto wa miaka 4, alirudi Dongobesh pamoja na baba kutoka shamba la bondeni. Siku ya kumi alianza kutetemeka. Alilia kwamba anasikia baridi, ilhali ngozi yake ilichoma kiganja. Nami nilikuwa na miaka 11, na mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilimfunika blanketi, alipozidi kulia nikamwongeza la pili, langu mwenyewe, kisha nikachochea moto. Mama aliporudi alimkuta amegeuza macho na viungo vimekakamaa. Bibi akasema ni degedege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Usiku ule ukapotea katika mashauri. Asubuhi, kwenye zahanati, muuguzi alisoma kipimajoto: nyuzi 40 na nusu. Aliyavuta mablanketi yale akayatupa chini, akauliza ni nani aliyemfunika mtoto hivi. Hakuna aliyemjibu.

Mdogo wangu alipona malaria, lakini kifafa kilimbakia.

Jibu la swali la muuguzi nililipata, au nilidhani nimelipata, katika shule ya sekondari. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitufundisha kwamba kazi zote za mwili hutendwa na vimeng'enya, navyo ni protini zilizokunjwa kwa umbo maalumu. Umbo likiharibika, kazi husimama. Akachukua yai, akalichemsha mbele yetu. Ute ukawa mweupe na mgumu. Akasema, "Hivyo ndivyo homa kali ifanyavyo." Wenzangu walicheka. Mimi niliona ubongo wa ndugu yangu ndani ya sufuria, na kuni nilizochochea mwenyewe. Niliubeba mfano ule miaka 30 bila kumshirikisha mtu.

Niruhusiwe hapa neno moja la kazi yangu. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu vipande vidogo, kama tumbo lifanyavyo chakula. Neno ni zuri, lakini limebeba nusu ya ukweli tu, maana vimeng'enya vingine huunganisha na kujenga. Nilikuwa nikimweleza jambo hilo mwenzangu mmoja wa chuoni, mtaalamu wa baiokemia, ndipo yai lile likanitoka kinywani, na habari nzima ikafuata.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba mfano wa mwalimu wangu ulikuwa na kasoro. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi. Mwili wa mtu hukaa kwenye 37, na homa, hata kali, ni nadra kupita 41, kwa kuwa homa si moto uliomshinda mwenye nyumba. Ni moto aliouwasha mwenyewe. Vijidudu vinapoingia, kimeng'enya kimoja hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, nayo huiamuru sehemu ndogo ya ubongo, haipothalamasi, ipandishe kiwango cha joto. Tangu dakika hiyo mwili wenye nyuzi 38 hujiona umepoa, nao hutetemeka ili ujipashe. Ndiyo sababu mtoto anayeungua hulia baridi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Basi homa ni kazi ya kimeng'enya kabla ya kuwa adui wa vimeng'enya.

Si kwamba haina gharama. Kila nyuzi moja inayoongezeka huzidisha matumizi ya nguvu za mwili kwa takribani sehemu moja ya kumi. Moyo hukimbia, maji hupungua, na mtoto mdogo aweza kushikwa na mtukutiko. Joto likipita nyuzi 42, kama kwa mtu aliyezidiwa na jua, protini huanza kweli kupoteza umbo. Lakini 40 na nusu haikuwa huko.

"Basi ni nini kilichomuumiza?" nilimwuliza.

Alisema yamkini ni vimelea vyenyewe. Vimelea vya malaria kali huingia katika chembe nyekundu za damu, huimeng'enya himoglobini kwa vimeng'enya vyao wenyewe (hapa neno letu latosha kabisa), na chembe hizo hunata katika mishipa myembamba ya ubongo na kuiziba. Usiku mmoja wa kukawia una uzito kuliko mablanketi mawili. Tena, aliongeza, huko Mbulu kifafa huletwa pia na tegu wa nguruwe. Hakuna awezaye kuapa.

Sikujua nifurahi au la. Kosa lilikuwa limetoka mikononi mwangu, likaenda kumwangukia bibi, ambaye hayupo tena kujitetea.

Julai iliyofuata nilikwenda kumwona mdogo wangu. Anaishi chini ya Mlima Hanang, ana ng'ombe kadhaa, na kila jioni humeza kidonge chake kabla ya kula. Nilimweleza yote: yai, blanketi, haipothalamasi. Alinyamaza akichokoa moto kwa kijiti. Mwishowe akasema kwamba hakumbuki zahanati, wala degedege, wala mashauri ya usiku. Anakumbuka baridi, na kwamba kaka yake alimfunika.