Mjomba, Nikaishi Mji Gani?

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, nikiwa nimekaa barazani kwangu Kihonda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Ile nafasi ya kwenda kusoma Australia nimeipata. Ila vyuo vilivyonikubali ni viwili, kimoja kiko Perth, kingine Melbourne. Mama kasema nisijibu mpaka nikuulize wewe."

Dada yangu hakukosea. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba analirithi upande huo, na jambo zito linapomfika hupelekwa kwa mjomba. Baba atalipa ada na atashauri, lakini neno la kufunga kikao ni la mjomba. Walioweka mila hiyo walikuwa wakifikiria nani alime bonde lipi, wala si Perth na Melbourne. Nikamwomba binti anipe siku mbili. Nilitaka kwanza kukumbuka mimi mwenyewe nilijibiwaje.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1984, nikarudi nyumbani Nyandira, huku Mgeta. Aliyefika Nyandira anajua baridi yake. Tunalima kabichi, njegere na viazi kwenye matuta yanayopanda mlima kama ngazi. Serikali ya Waingereza ilitaka Uluguru yote ilimwe kwa matuta. Upande wa Matombo watu waligoma, na mwaka 1955 pakatokea ghasia. Kwetu matuta yalikaa, na nilipokuwa kijana hapakuwa na tuta lisilo na mwenyewe. Sisi tulikuwa saba. Ilikuwa wazi kwamba wengine lazima tushuke.

Mjomba wangu alinisikiliza jikoni, mgongo ukutani, miguu karibu na moto. Nilimtajia miji mitatu: Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kazi zilizopo kila mahali. Hakuniuliza habari ya kazi.

"Dar nani yupo?"

Alikuwepo mtoto wa jirani, lakini alikuwa amerudishwa. Mwaka 1983 ilipita sheria ya Nguvu Kazi, na kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa kwenye msako akarudishwa kijijini.

"Dodoma nani yupo?"

Hakuwepo mtu. Tuliijua kwa redio tu, kwamba tangu mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huko.

"Morogoro nani yupo?"

Alikuwepo binamu yangu, amepanga chumba Mwembesongo.

"Basi umekwisha kujua unakokwenda," akasema mjomba, akasogeza kuni.

Nikashukia Morogoro, mji kasoro bahari. Ulikuwa mji wa viwanda: turubai, ngozi, viatu, magunia, tumbaku. Chuo Kikuu cha Sokoine kilikuwa ndiyo kwanza kimesimama peke yake mwaka ule ule wa 1984, kabla yake kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, lakini kwenye vilabu ungedhani yuko chumba cha pili akikaza nyuzi za gitaa. Na pale Mazimbu waliishi Waafrika Kusini, wakimbizi wa ANC, na shule yao ya Solomon Mahlangu. Kijana mmoja wa huko tulizoeana kwenye mpira wa Jumapili. Siku moja nilimuuliza kwa nini alichagua Morogoro. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alichagua kuzaliwa. Akasema hakuchagua mji, aliwakuta wenzake hapa. Nikamkumbuka mjomba na kuni zake.

Nilipata kazi kiwandani, nacho nitakiacha bila jina. Mwanzoni king'ora kililia mara tatu kwa siku. Baadaye vipuri vikawa adimu, mashine moja ikifa inachinjwa kuponya nyingine, tunakaa zamu nzima tukipiga soga. Asubuhi moja tulikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Mwaka 1992 ANC nao walikabidhi Mazimbu kwa Chuo cha Sokoine, kwa kuwa kwao mlango ulikuwa umefunguka. Wao walirudi kusini, mimi nikapanda basi kwenda Dar.

Safari hii sikumuuliza mtu nani yupo. Nilijiuliza kuna nini, na jibu lilikuwa Kariakoo. Kabichi za kwetu zilikuwa zikishuka kwa lori usiku, zinapita Sangasanga, zinaingia soko la jumla la shimoni kabla ya alfajiri kuisha. Nikawa mtu wa kuzipokea: kuhesabu lumbesa, kubishana na dalali, kulipa makuli, kutuma hela nyumbani kwa dereva. Niliishi Manzese, kisha Temeke, na watoto wangu wote watatu walizaliwa huko. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar ina watu wapatao 272,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Katikati ya namba hizo mbili nami nimo, nikiwa na mke, madumu na foleni.

Madumu nayakumbuka zaidi ya foleni. Bomba la uani kwetu Manzese lilitoa maji usiku wa manane likipenda, na lisipopenda tulinunua kwa mwenye mkokoteni. Mto Mgeta, ambao utotoni tulikuwa tukiuruka kwa mawe, huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar. Kwa hiyo maji ya kwetu yalihamia Dar kabla yangu, na yalipofika yakawa na bei. Siku moja mke wangu, Mzaramo wa Kisarawe, alinikuta nimesimama na ndoo nimeitazama tu. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona nyumbani. Alinielewa, lakini alichukua ndoo yake, maana wali ulikuwa unangoja.

Mwezi wa Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali sasa inahamia Dodoma kweli. Wazee wenzangu walicheka, walikuwa wameisikia habari hiyo tangu 1973. Mwaka uliofuata binti yangu mkubwa, mtumishi wa wizara, alifunga mizigo. Yeye hakuuliza nani yupo wala kuna nini, barua ya uhamisho ilikuwa imejibu yote. Nilimtembelea. Niliona mji ulionyooshwa kwa rula, barabara pana, viwanja vyenye hatimiliki, zabibu zinauzwa kando ya njia, na upepo unaotia mchanga kwenye chai. Alinishawishi ninunue kiwanja Nzuguni. Nilishuka kwenye gari, nikageuka pande zote nne nikitafuta mlima wa kushika jicho, sikuupata wa kunitosha. Nikamwambia mji ni mzuri, lakini sitajua nimeelekea wapi nikiamka.

Juzi, nikimtafutia mpwa wangu jibu, nilikuta kumbe nao Australia walipitia kisa hiki. Sydney na Melbourne ziligombea makao makuu, mwisho wakachagua mahali pa tatu, Canberra, mwaka 1908, na Bunge likahamia huko mwaka 1927. Wao walitumia miaka 19, sisi tulitumia zaidi ya 40. Nilimsomea binti yangu kwenye simu. Akasema, "Baba, hata wao walianza na vumbi."

Mimi nilirudi Morogoro mwaka 2020. Ningependa kusema milima iliniita, lakini magoti ndiyo yaliyoniita, pamoja na kiwanja nilichonunua Kihonda mwaka 1998 kwa faida ya msimu mmoja wa kabichi. Niliporudi nilidhani nimestaafu mbio za mjini. Kumbe mji wenyewe ulikuwa unanifuata. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na kabla ya mwezi wa nane ikawa inafika Dodoma. Mwaka 1907 reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro, ilileta wageni na kuchukua mkonge. Hii ya sasa inachukua jirani yangu Jumatatu alfajiri kumpeleka ofisini Dar, na Ijumaa jioni inamrudisha, nauli 13,000. Basi la zamani lilikula saa nne katika kilomita 190 hizo, na foleni ikikukamata Kibaha unaomba radhi kwa simu. Treni haimalizi saa mbili.

Vijana wanaokuja kuulizia viwanja mtaani kwetu wanaulizana hivi: ni dakika ngapi mpaka stesheni? Mjomba wangu aliuliza nani, mimi niliuliza nini, hawa wanauliza dakika. Siwalaumu. Ila nilijaribu swali lao kwa Nyandira, nikapata jibu lililoniuma. Dar imesogea mpaka mlangoni, lakini dada yangu yuko palepale. Mvua za masika zikikolea, kupanda kutoka hapa hadi kwake kunakula muda mrefu kuliko kwenda kunywa chai Dar na kurudi. Miaka yote hii nilidhani nahama kutoka mji hadi mji. Kumbe kila nilipohama, nilichokuwa nikipima hasa ni mwendo wa kurudi kule jikoni.

Siku ya tatu nilimpigia mpwa wangu. Dada alikuwa kando ya kanisa, mahali ambapo mtandao hushika, nikamwunganisha naye.

"Perth nani yupo?" nikaanza.

"Yupo dada mmoja tuliyesoma naye umwagiliaji Sokoine, alinitangulia mwaka mmoja."

"Na Melbourne?"

"Simjui mtu. Ila mji ni mkubwa zaidi, na wanasema kazi ni nyingi."

Nikamweleza hesabu niliyopiga. Mama yake anapopumzika shambani saa nane mchana, Perth ni saa moja jioni, binti ametoka darasani. Melbourne wakati huo itakuwa saa tatu usiku, na miezi mingine saa nne. Tena Perth imekaa kwenye Bahari ya Hindi, bahari ileile ya Kigamboni, upande wa pili tu. Nikamwambia mimi nimeweka mambo mezani, achague mwenyewe. Mjomba wangu asingesema hivyo, lakini yeye alikuwa akituma watoto mwendo wa siku moja.

Dada yangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza, "Hiyo Perth, maji yao yanashuka mlima gani?"

"Mlima wa kuwatosha hawana, mama. Mvua imepungua, sehemu kubwa wanachuja maji ya bahari. Wana mtambo tangu mwaka 2006."

"Wanakunywa bahari?"

"Wanaitoa chumvi kwanza."

Nilisikia upepo wa Nyandira ukipiga kwenye simu. Dada alikuwa anawaza.

"Na hiyo chumvi wanayoitoa," akauliza, "wanaipeleka wapi?"

Binti akacheka. "Hilo ndilo ninalokwenda kusoma, mama."

Hapo nikajua mji umekwisha kuchaguliwa, na kwamba mimi nilipigiwa simu kwa heshima tu.