Kiraka hakuwa na kadi

Desemba iliyopita nilikuwa na video 214 za mbwa wangu kwa simu. Akilala, akipiga miayo, akivaa kikoti cha kitenge nilichomshonea, akikimbiza kuku wa mum mpaka wote wakachoka. Kadi ya chanjo sikuwa nayo hata moja. Najua wengi wenu mlikuja hapa juu ya Kiraka, si juu yangu, kwa hivyo kaeni kidogo. Hii inawahusu.

Kwa wageni: naishi Kibwezi, kaunti ya Makueni. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sehemu ilikuwa fee, sehemu ilikuwa mimi, na nimechoka kuambia watu ilikuwa fee peke yake. Sahii nashona mablanketi ya viraka. Kila wiki mtu huniuliza hiyo ni kazi gani, so wacha nieleze mara moja.

Unachukua mabaki ya vitambaa, yale mafundi hutupa ama huchoma. Unayafua kwanza na maji moto, juu kuna kitambaa hupungua na kuna kingine huchuja, na hutaki blanketi jeupe ligeuke pinki likiwa kwa mteja. Unapiga pasi. Unakata kwa kipimo cha katoni ili vipande vyote vitoshane. Unaunganisha kimoja kwa kingine mpaka upate uso wa blanketi. Halafu unapanga tabaka tatu: uso juu, blanketi kuukuu katikati, leso ama shiti chini, na unashona zote tatu pamoja, mstari baada ya mstari, ndio zisiteleze. La kitanda kikubwa hunichukua wiki tano kwa Singer ya miguu ya mum.

Hii kitu nilijifunza hosteli, usiku, wakati nilifaa kuwa nasomea mtihani. Nilipatana na video za wamama wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi huko Alabama, Marekani. Walishona mablanketi na nguo za shamba zilizoisha, suruali zenye magoti yamechanika, kwa sababu nyumba zilikuwa baridi na pesa hakuna. Mwaka wa 2002 mablanketi yao yakatundikwa ukutani kwa jumba la sanaa la Whitney kule New York, na 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwa stempu. Niliangalia zile rangi nikafikiria susu wangu.

Susu anaishi Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Yeye ni wa viondo. Anasokota katani juu ya paja akiongea na wewe, bila kuangalia, na uzi unatoka umenyooka kuliko wa duka. Hajawahi kuita hiyo kazi sanaa. Huiita kazi ya jioni.

Sasa Kiraka. Januari mafundi wa soko letu hawalali juu ya unifomu za shule. Zikiisha, wanabaki na magunia ya vipande vya samawati, maruni, kijani na kijivu. Miaka miwili iliyopita nilienda kuchukua gunia langu nikapata kuna kitu kinapumua ndani. Kitoto cha mbwa, cheupe, na doa la kahawia kwa jicho moja. Fundi akacheka: "Chukua na huyo, ni ofa."

Jina lilijiandika.

Hilo gunia ndilo lilitoa blanketi langu la kwanza la maana. Nililiita Januari. Katikati nilishona kipande cha sketi yangu ya Form Four. Kiraka alikua chini ya cherehani nikilishona, kichwa kando ya pedali, mpaka nikajifunza kukanyaga na mguu mmoja. Video ya kwanza yangu kutazamwa na watu wengi ni ile amevuta kona ya Januari na meno, anarudi nyuma nayo kama mtu ameiba. Baada ya hapo kila mtu alitaka Kiraka. Wateja walikuja kwa mbwa wakabaki kwa mablanketi.

Mum alisema siku ya kwanza, "Mbwa ni wa nje." Wiki ya tatu alikuwa anamtengea isyo. Jirani yetu alikuwa anapita akisema, "Huyo mbwa analala vizuri kunishinda," na tunacheka. Mimi nilikuwa najiona mtu wa maana sana, yule msichana wa Kibwezi anayeonyesha watu vile mbwa anafaa kupendwa.

Desemba, msimu wa maembe, watoto wako nyumbani. Kijana wa huyo jirani, wa miaka saba, alifuata mpira chini ya cherehani. Kiraka alikuwa amelala. Aliamka akishtuka akamng'ata kwa mguu, chini ya goti. Ilikuwa kitu ya sekunde mbili. Damu haikuwa nyingi, lakini zile alama za meno niliziona, na Kiraka mwenyewe alienda akajificha nyuma ya tangi.

Nilisimama tu. Mtu mmoja alisema tuweke mafuta ya taa. Mwingine akasema kitunguu. Mum ndiye alibeba mtoto hadi kwa mfereji, akaosha na sabuni, na akaendelea kuosha hata mtoto akilia. Baadaye daktari alituambia hiyo ilikuwa kitu ya maana kuliko zote tulizofanya: maji na sabuni, dakika 15, kabla ya kwenda popote.

Hospitali ya kwanza haikuwa na chanjo. Tukapanda boda hadi kliniki ingine. Daktari alimwangalia mtoto, akageuka kwangu, akauliza swali moja: "Mbwa amechanjwa?"

Mama ya mtoto alikuwa ananiangalia. Nikasema sijui. Hiyo ilikuwa uongo, juu nilikuwa najua.

Sindano ni tano: siku hiyo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Pale ilikuwa elfu mbili kila moja. Elfu kumi. Nikasema nitalipa, na kwa M-Pesa nilikuwa na elfu tatu na kidogo.

Jioni vijana wa mtaa walikuja na kamba na rungu. Kwao mambo ilikuwa rahisi, mbwa ameuma mtu, mbwa auawe. Daktari wa mifugo alipigiwa simu akawakataza. Alieleza kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia: mbwa aliyeuma anafungiwa na kuangaliwa siku kumi. Kama alikuwa na kichaa cha mbwa wakati wa kuuma, ataugua na kufa ndani ya hizo siku. Akifika ya kumi akiwa mzima, hakumwambukiza mtoto. Lakini mtoto hangoji majibu ya mbwa, anaanza sindano leo leo. Tukamfungia Kiraka kwa stoo ya mahindi.

Siku ya nne nilienda Ikutha kukopa. Matatu ikavuka Athi nikiwa na aibu ya kumwambia susu. Nilimpata mlangoni na kiondo nusu. Nikamwambia yote. Hakuacha kusokota. Aliniambia akiwa msichana mdogo kulikuwa na kijana wa boma yao aliumwa na mbwa kwa malisho, kidonda kikapona, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Aliletewa kikombe akapiga kelele. Wakamfungia kwa ghala, juu hakukuwa na kitu ingine ya kufanya, na wote wa boma walimsikia mpaka aliponyamaza.

"Hatukuwa na dawa," susu akasema. "Nyinyi mko nayo."

Akaingia ndani akanipa elfu mbili, pesa ya viondo, zimekunjwa mara nne. Hakuongeza neno lingine.

Nikirudi kwa matatu nilianza kupitia zile video 214, nikitafuta ile naweza kuweka kuomba msamaha. Nikafika moja ya Septemba. Mko na hiyo, ilipendwa sana. Niko naye nje, namfunga vifungo vya kikoti, yeye anajaribu kunilamba pua. Niliweka earphone nikasikia kitu nyuma, kwa mbali. Spika ya gari. Ilikuwa inatangaza chanjo ya mbwa, bure, sokoni, mpaka saa kumi. Inasikika vizuri. Na mimi kwa video nasema, "Tulia basi, kelele za watu zinatuharibia."

Niliicheza mara tatu. Sikuwa nimekosa habari. Habari ilipita nyuma yangu nikiwa nashonea mbwa kikoti.

Pesa iliyobaki ilitoka kwa Januari. Mteja mmoja wa Nairobi alikuwa ameiulizia mara mbili nikakataa. Nilimwandikia usiku huo. Alilipa elfu nane. Niliikunja, nikaitia kwa gunia, nikaipeleka kwa stegi asubuhi. Sitasema haikuniuma. Nilitaka kubaki nayo maisha yangu yote. Lakini mtoto alikuwa na sindano ya tatu siku ya saba, na blanketi haliwezi kudungwa mtu kwa mkono.

Hizo siku zingine nilishona tu. Sikuweka video. Asubuhi nampelekea Kiraka maji nikisimama mlangoni, naangalia kama anakunywa. Akikunywa, narudi kwa mashine. Siku ya kumi alikunywa bakuli nzima akaipindua akitaka ingine, nikakaa chini kwa vumbi nikalia kama mtoto.

Siku ya kumi na moja alichanjwa. Unajua nililipa ngapi? Mia tatu. Dakika mbili, hata hakulia. Wakanipa kadi: jina, rangi, tarehe, na tarehe ya kurudi mwakani.

Sasa mambo ambayo ningependa mngekuwa mnayajua kabla yangu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaokipata wamekitoa kwa mbwa, na kwamba mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vyake kufikia 2030, na kaunti yangu ya Makueni ni kati ya zile zilizochaguliwa kuanza. Yaani nilikuwa naishi mahali ambapo kazi ilikuwa imeletwa hadi mlangoni. Kitu ilikuwa imebaki ni mtu kama mimi kufunga mbwa kamba na kutembea naye hadi sokoni.

Na si ati sikuwa nampenda. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini nilikuwa namfanyia vitu vyenye vinaonekana. Kikoti kinaonekana. Kadi haionekani kwa video, na hakuna mtu ataipenda wala kuisambaza. Mimi wa kushona ningefaa kujua hii mapema. Mteja hununua rangi za juu, lakini blanketi lenye tabaka tatu hazijashonwa pamoja litaharibika kwa ufuaji wa kwanza, hata liwe limependeza namna gani.

Mtoto alimaliza sindano ya tano Januari. Mzima kabisa, anacheza mpira, ila haingii kwetu. Nilimshonea blanketi dogo, vipande vya samawati na kijani, mpira katikati. Nikampelekea mama yake. Alitoka, akaliangalia bila kulishika.

"Sitaki blanketi kwanza," akasema. "Lete hiyo kadi nione."

Nikarudi nyumbani, nikaitoa kwa msumari pale ukutani juu ya cherehani, nikampelekea. Aliisoma yote, na tarehe zote mbili, polepole. Akanirudishia.

"Septemba usisahau kuwaambia wengine," akasema. Halafu akachukua blanketi.

Kwa hivyo nawaambia, hata kama Septemba iko mbali. Tarehe 28 ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na karibu na hapo huwa kuna chanjo sehemu nyingi. Msingoje mpaka hapo. Kama uko na mbwa, hata wa kulinda tu, hata wa plot wenye hakuna mtu anajua ni wa nani, uliza kadi yake iko wapi. Kama hakuna, una kazi wiki hii.

Kiraka anawasalimia. Sahii amelala kando ya pedali, na juu ya meza kuna gunia lingine la unifomu.