Admirali Ding na Baba Yangu

Mimi ni mtu wa kucheka ovyo. Wenzangu wa kidato cha tatu ni mashahidi.

Muhula uliopita, katika kipindi cha historia, mwalimu alinipa kitabu nisome kwa sauti habari za vita vya Uchina na Japani. Walikuwa wakigombania Korea, nasi twajua wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Tarehe 17 Septemba 1894 manowari zao zilikutana karibu na mlango wa mto Yalu. Admirali Ding Ruchang alikuwa ndani ya Dingyuan, manowari ya chuma iliyoundwa Ujerumani, yenye mizinga minne ya inchi 12. Ilipofyatuliwa tu, kishindo kikavunja jukwaa alilosimama Ding mwenyewe. Akaanguka, akaumia mguu.

Nikaangua kicheko. Admirali gani huyu anaangushwa na mizinga yake? Darasa zima likanifuata. Mwalimu hakunikaripia. Alisema tu, "Endelea kusoma, kijana."

Kumbe Dingyuan na pacha wake Zhenyuan zilikuwa kubwa kuliko meli yoyote ya Japani, lakini ukubwa si kasi. Wajapani walikuwa na Yoshino, iliyoundwa Uingereza, yenye mbio ajabu, pamoja na mizinga ya kufyatua haraka haraka. Wachina walipungukiwa na makombora ya kufaa. Tena fedha za jeshi la majini zilikuwa zikitumiwa kukarabati kasri ya Malkia Cixi huko Beijing. Kasri hiyo ina mashua ya mawe, ati! Mashua isiyoelea. Katika mapigano hayo Uchina ilipoteza meli tano. Japani haikuzamishiwa hata moja.

Basi lawama akatwikwa nani? Ding. Alivuliwa cheo, lakini akaachwa aendelee kuongoza. Februari 1895 alizingirwa katika bandari ya Weihaiwei. Admirali Ito wa Japani alimwandikia barua, ajisalimishe aende akaishi Japani. Ding akakataa. Akala afyuni, akafa. Ito, adui yake, akaachilia meli moja ya Kichina ibebe jeneza lake kwa heshima.

Hapo sauti yangu ilikwama.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Mara mbili alimwambia tajiri wake kwamba breki zimechoka. Mara mbili akaambiwa avumilie hadi mwisho wa mwezi, na mwezi huo huo tajiri akaezeka nyumba yake kwa vigae. Lori lilipinduka mteremkoni. Hakuna aliyekufa, shukrani kwa Mola, ila barua ya kumfuta kazi ilisema "uzembe wa dereva". Nami nakiri hapa: vijana wa mtaani walipomcheka, nilicheka nao.

Nilimaliza ukurasa nimeinamisha kichwa. Kengele ikalia.

Jioni nilimkuta baba nyuma ya nyumba akipiga viatu rangi. Nikamsimulia habari za Ding mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja.

"Na huyo mwenye kasri, alishtakiwa?"

"Hapana, baba. Alibaki na kasri yake hadi alipokufa, mwaka wa 1908."

Baba akatikisa kichwa, akachukua kiatu cha pili. Nami nikachukua brashi nyingine, nikaketi karibu naye.