Mguu Mmoja Ukivimba

Huku kwetu Kericho na Bomet, mguu uliovimba hauulizwi swali. Mchumaji wa chai husimama tangu asubuhi, kapu mgongoni, mvua ya alasiri imkute papo hapo. Akirudi akichechemea, jibu liko tayari: ni kazi. Shangazi yangu naye alijibu hivyo nilipomkuta ameuweka mguu wa kushoto juu ya kigoda. "Ni uchovu tu, mwanangu." Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya maumivu, ikamrudisha nyumbani. Ni hospitali ya pili iliyompima kwa ultrasaundi, na bonge la damu likaonekana kwenye mshipa wa paja.

Tangu hapo nimesoma sana jinsi wanadamu walivyohangaika kuuona mshipa bila kuupasua. Miaka ya 1920, huko Boston, daktari Herrmann Blumgart alidunga kiasi kidogo cha dawa nururifu kwenye mkono mmoja wa mgonjwa, akapima muda iliotumia kufika mkono wa pili. Baadaye ikaja dawa nururifu nyingine, teknishiamu. Hudungwa mguuni, nayo hupanda na damu huku kamera ya gama ikiifuata kutoka nje. Penye bonge hukwama, au huchepuka kama lori la chai linalokwepa barabara ya tope. Na kwa kuwa bonge huweza kung'oka likasafiri hadi mapafuni, teknishiamu hubebwa huko pia na chembe za protini: sehemu isiyong'aa huonyesha mahali damu isipofika.

Teknishiamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake za mnururisho kila baada ya saa 6. Ndiyo maana haikai sana mwilini. Ndiyo maana pia haivumilii safari. Dozi iliyotayarishwa Nairobi, kilomita 260 hivi kutoka hapa, ingefika Kericho karibu nusu yake imekwisha. Siku hizi mishipa ya miguu huchunguzwa kwanza kwa ultrasaundi, isiyo na mnururisho wowote, na hilo ni jambo la kushukuru.

Hata hivyo, mashine haimpimi mtu aliyekwisha kuambiwa arudi nyumbani. Kabla ya mashine sharti awepo mtu anayeyaamini maumivu ya mchumaji, na wa kwanza awe mchumaji mwenyewe. Tumezoea kuiheshimu kazi kuliko mwili unaoifanya.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji: mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, usiuchue. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na pumzi ikianza kukatika au kifua kuchoma, usingoje kukuche.