Ruthu Mmoabu na Bawa la Mungu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunawaalika tukisome pamoja kitabu cha Ruthu. Ni kitabu kifupi cha Agano la Kale, chenye sura nne tu, na mtu aweza kukimaliza kabla chai yake haijapoa. Sisi tunaoishi Tunduma tuna sababu ya pekee ya kukipenda, kwa kuwa kinaanza na njaa, na njaa hiyo inawavusha watu mpaka.

Elimeleki alikuwa mtu wa Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Katika nyumba hiyo ya mkate, mkate ukakosekana. Akamchukua mkewe Naomi na wana wao wawili, akahamia Moabu, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi. Jambo hili si geni kwetu. Mwezi Februari 2024 Serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mwaka huohuo nchi yetu ilikubali kuwauzia ndugu zetu hao tani 650,000 za mahindi. Wanyamwanga, ambao wako huku na wako Nakonde, wanafahamu tangu zamani kwamba mstari wa mpaka haukati undugu, wala hauzuii njaa.

Huko Moabu Elimeleki akafariki. Wanawe wakaoa wanawake wa nchi ile, Orpa na Ruthu, na baada ya miaka kama kumi wao nao wakafariki bila kuacha mtoto. Wakabaki wajane watatu. Naomi aliposikia kwamba Bethlehemu kuna chakula tena, akaanza safari ya kurudi, na njiani akawasihi wakwe zake warudi kwa mama zao. Orpa akalia, akambusu, akarudi. Tusimhukumu Orpa, kwa maana alimtii mama mkwe wake na hakuvunja ahadi yoyote. Ruthu ndiye aliyefanya zaidi ya alivyodaiwa. Alikataa kuachana na Naomi, akalichagua taifa lake, Mungu wake na hata ardhi ya kuzikiwa. Hakuwa na faida ya kutazamia. Naomi hakuwa na mwana mwingine wa kumwoza, na Kumbukumbu la Torati sura ya 23 lilimfungia Mmoabu mlango wa kusanyiko la Bwana.

Walipofika Bethlehemu, Naomi aliwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, jina lenye maana ya utamu, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Alilalamika kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu. Maandiko hayamkemei kwa maneno hayo, nasi tusiwakemee wafiwa wanaolia hivyo. Lakini tuangalie ni nani amesimama kando yake wakati anayasema. Ni Ruthu. Jibu la Mungu kwa malalamiko ya Naomi lilikuwa limekwisha kufika, limechoka kwa safari ile ile, na yeye hakuwa amelitambua bado.

Katika kitabu hiki hakuna malaika anayetokea, wala nabii, wala bahari inayogawanyika. Maongozi ya Mungu yanapita njia za kawaida kabisa. Kuna sheria ya Walawi sura ya 19, inayomwamuru mwenye shamba asivune hadi pembezoni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Kuna Ruthu anayetoka asubuhi kuokota masazo na kujikuta, kama kwa bahati, katika shamba la Boazi. Kuna Boazi anayewaambia wavunaji wadondoshe masuke kwa makusudi, mgeni aokote pasipo kuaibishwa. Jioni Ruthu alirudi na efa moja ya shayiri, kiasi cha debe hivi, pamoja na chakula alichombakishia mama mkwe.

Hapa pana jambo ambalo tungependa mlishike. Katika sura ya pili Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu wa Israeli, ambaye amekuja kukimbilia chini ya mabawa yake. Katika sura ya tatu, kwenye kiwanja cha kupuria, Ruthu anamwomba Boazi amtandazie upindo wa vazi lake, maana yake amwoe. Katika Kiebrania bawa na upindo wa vazi ni neno moja, *kanafu*. Ni kana kwamba Ruthu anamwambia: bawa uliloniombea kwa Mungu, liko mabegani mwako. Boazi alielewa. Kesho yake alikwenda langoni mwa mji, akaketi na wazee kumi, akalimaliza shauri hilo hadharani.

Tangu tupangiwe utume katika mji huu, tumeketi katika misiba ambamo, kabla matanga hayajaanuliwa, kikao cha ukoo kimeanza kuhesabu vyombo vya marehemu. Kwa ridhaa ya wenyewe tunawataja bila majina mama mkwe na mkwe wake. Binti alizaliwa Nakonde. Mumewe alipofariki, ndugu walimwambia arudi kwao, amwache mama mzee asiyeona vizuri. Yeye alibaki. Anauza mboga sokoni, na kila Dominika anamwongoza mama kwa mkono hadi kwenye benchi. Jumuiya yao iliwachangia mahindi na sala, nasi tunashukuru. Lakini shauri la nyumba wanayolala bado linaendelea, na hadi leo binti huyo anaingia kikaoni peke yake.

Wapendwa, mahindi ni masuke ya Boazi, na ni mema. Kilichobaki ni lango la mji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi anapopenda na kuolewa tena au kutoolewa, hata kama mila inasema vingine. Tunawaomba wazee wa jumuiya wawili au watatu wamsindikize katika kikao kijacho. Tukiwa tumesali Mungu amfunike kwa mabawa yake, hatuwezi kubaki nyumbani siku hiyo.

Ruthu alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Mathayo naye anamtaja mgeni huyu katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Hakuyaona hayo alipokuwa akiinama shambani kuokota shayiri. Alichokiona ni kwamba mama mkwe alihitaji kula jioni ile.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.