Fidia ya Korona na Daftari la Mkulima Mdogo

Fidia ambayo serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wakati wa janga la korona hukumbukwa zaidi kwa ukubwa wa mafungu yake, ingawa jambo lililobadilika haraka kuliko yote lilikuwa kipimo cha hasara chenyewe. Mpango wa kwanza, maarufu kwa kifupi cha CFAP, ulitangazwa Aprili 2020, wakati migahawa na shule zimefungwa na wafugaji wa Wisconsin wakimwaga maziwa yaliyokosa mnunuzi. Ulitengewa dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja, yaani fedha anazopewa mkulima pasipo deni, na bilioni 3 za kununulia vyakula vya kugawiwa wahitaji.

Kanuni za mpango huo zililitazama zao kabla ya kulitazama shamba, kwani kwa kawaida zao lilistahili fidia pale bei yake katika soko la taifa iliposhuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili, na kwa mboga na matunda yalihesabiwa yaliyouzwa, yaliyoharibika au yaliyokosa soko katika kipindi hichohicho. Hesabu hiyo iliwafaa wakulima wa California na Florida, ambako mavuno hayakatiki, lakini huko Vermont mashamba yalikuwa bado na theluji, na mkulima aliyepoteza oda za migahawa kwa msimu mzima uliokuwa mbele yake hakuwa na cha kujaza kwenye fomu. Ni vigumu kuamini kwamba waliotunga kanuni hizo walikuwa na bustani ya ekari tatu akilini.

Awamu ya pili, iliyoanza kupokea maombi Septemba 21, 2020 ikiwa na hadi dola bilioni 14, iliacha, kwa mboga, matunda na mazao mengine ya aina hiyo, kutafuta bei iliyoshuka na badala yake ikachukua mauzo ya mwaka 2019 kuwa msingi: asilimia 10.6 kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, kisha viwango vikipungua kadiri mauzo yalivyopanda. Aliyeuza mboga za dola 40,000 kwenye magulio ya mjini alipata dola 4,240, naye aliyeanza kilimo mwaka 2020 aliruhusiwa kutumia mauzo ya mwaka huo. Usindikaji haukuhesabiwa, hivyo aliyeuza jamu ya stroberi alifidiwa thamani ya stroberi peke yake, bila ya sukari, chupa wala jasho la jikoni.

Kipimo cha tatu kilimgusa mkulima mwenyewe. Sheria ya Machi 2021 iliagiza kulipwa kwa madeni ya kilimo ya wakulima Weusi, Wenyeji wa Marekani na wengine waliobaguliwa kihistoria kwa misingi ya rangi au asili yao, lakini wakulima wazungu walifungua mashtaka, mahakama zikasimamisha malipo, na Agosti 2022 Bunge likaifuta sehemu hiyo na kutenga dola bilioni 2.2 kwa yeyote aliyebaguliwa katika mikopo ya Wizara ya Kilimo, ambazo zilianza kuwafikia walengwa katikati ya mwaka 2024.