Daftari Lipi Lifaalo?



Kila ufikapo mwanzo wa mwaka wazazi huniuliza chuoni: tumnunulie mtoto daftari gani la kuandikia na kuchorea? Wengi hulidhani swali dogo la dukani. Kwangu mimi si dogo. Aya za mwanzo kuteremka, katika Surat al-Alaq, zataja kufundishwa kwa kalamu. Na ile aya ndefu kupita zote, ya 282 katika Surat al-Baqara, yaamrisha deni la muda liandikwe. Nalo lililoandikwa halina budi kupata mahali pa kudumu.

Marehemu baba yangu alikuwa na daftari la jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi. Humo aliandika, kwa herufi za Kiarabu, siku tulizozaliwa, madeni yake na mipaka ya shamba. Alipofariki, jirani mmoja alidai kwamba minazi yetu kadhaa ingali rehani kwake. Tulifungua daftari la baba: siku ya kulipa imo, na majina ya mashahidi wawili yamo. Jirani naye alileta lake, la kubandikwa kwa gundi. Kurasa zilikuwa zimepukutika, na ule wa mwaka huo haukuonekana. Hakuwa mwongo yule mzee. Alikuwa amesahau, na daftari lake halikuweza kumkumbusha. Alisoma la baba, akamhimidi Mola, tukapeana mikono.

Basi la kwanza, tazama mshono. Fungua daftari katikati. Ukiona uzi, hilo lafaa kwa mambo ya kuwekwa. Gundi peke yake hukauka ikaachia. La waya hufunguka likalala sawasawa, nalo ni zuri kwa mchoraji, lakini kurasa zake huchanika upesi penye matundu.

La pili, tazama uzito wa karatasi, ambao hupimwa kwa gramu katika mita 1 ya mraba. Karatasi ya ofisini aghalabu ni gramu 80. Daftari jepesi la shule latosha kwa kalamu ya risasi, lakini wino wa maji hupenya ukaharibu upande wa pili. Kwa kalamu ya tete tafuta gramu 100 au zaidi, na uso laini. Mafundi wa khati wa zamani walipaka karatasi zao wanga na ute wa yai, kisha wakazisugua kwa jiwe hata zikang'aa, ili wino usitambae. Ama rangi za maji zahitaji karatasi nene, hata ya gramu 300, la sivyo hujikunja.

Kijana mmoja chuoni alitaka kuiacha khati, kwani kila herufi yake ilitoka na manyoya pembeni, naye akaulaumu mkono wake. Nilimpa karatasi nzito, laini; alifu zake zikasimama wima mbele ya macho yake. Ila ilikuwa ya karatasi, na tulikaribia kumpoteza mwandishi kwa sababu yake.

La tatu, tazama mistari. Anayeanza kuandika apewe yenye mistari, mchoraji wa maua na majani apewe tupu, na apendaye nakshi za nyota na pembe apewe daftari la hesabu la vyumba vidogo, litamwongoza kupima.

Wala sisemi mnunue ghali; israfu si katika mwendo wetu. Jalada la ngozi halimfunzi mtu kuandika. Kaunta buku la kawaida, likiwa limeshonwa, laweza kutunza habari za nyumba nzima. Mnunulieni kila mtoto kwa kazi yake, na nyumbani liwepo moja la wote, la madeni, amana na wasia, kwani warithi wetu watalihitaji siku ambayo sisi hatutaweza kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.